Mwenye Mabati Haandikwi

Siku ile naikumbuka kwa rangi ya maji, mwanangu. Nilikuwa nimeingia kwa jirani kuomba ungo, nikaona karai chini ya ukuta wa jikoni, na ndani yake maji ya rangi ya waridi, mazuri kama juisi ya watoto. Nilisimama nikayatazama kwa muda kabla sijaelewa. Nilipoelewa, nilisahau hata ungo.

Kaa hapo kwenye kigoda nikuambie yalifikaje kwenye ile karai. Na hiyo simu iweke mfukoni, haitapoa.

Usidhani nakugombeza bure. Jana jioni nilikuwa kwa mfereji nikingoja mtungi ujae, nawe ulikuwa umesimama na Mzee Oduor, yule wa chumba cha mwisho hapa kwa ploti yetu. Alikuuliza kama ni kweli Alhamisi chifu ataandika watu wa chakula cha serikali. Ukamjibu hata kabla hajamaliza. "Mzee, wewe usijisumbue. Kitambulisho chako ni cha Siaya, uko kwa nyumba ya kulipa, na kijana wako ako Saudi. Hao huandika wenyeji, tena wale hawana kabisa." Akasema, "Aa, sawa, asante mama," akachukua ndoo yake akaenda zake. Mimi nilikuwa nakuangalia vidole. Ulihesabu kimoja, cha pili, cha tatu, kama mtu anayesoma kwenye karatasi. Nilishtuka, kwa sababu nilipokuwa na umri wako nilihesabu hivyo hivyo, na vidole vyangu pia vilikuwa vitatu.

Wakati huo sikuwa hapa mjini Kaptembwo. Nilikuwa nimeolewa kule juu Sachangwan, kwenye baridi, katika shamba la ekari tatu alilogawiwa baba mkwe wangu wakati mzungu alipoondoka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Leo hilo si kitu, hata wewe umekimaliza na bado unauza mitumba, lakini kwenye ule mgongo wa mlima mimi ndiye niliyekuwa mke wa pekee wa kusoma barua kutoka mwanzo hadi mwisho bila kufuatisha maneno kwa kidole. Watu waliniletea barua za watoto wao, karatasi za hospitali, hata maandishi ya kwenye pakiti za dawa ya ng'ombe. Wakaniita Mwalimu, ingawa sikuwahi kufundisha hata kuku.

Jina lile lilinilevya, sikufichi. Mtu akiitwa Mwalimu kila siku, huanza kuona aibu kusema hajui. Nilikuwa na jibu la kila swali, na lile nililokuwa sina nililitengeneza papo hapo, likatoka likiwa bado moto. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, unapinda popote.

Basi mwaka huo mvua ilikataa. Mahindi yalifika magotini yakasimama. Viazi tulivyotegemea navyo vikachomwa na baridi, majani yakawa meusi kama yamepitiwa na moto. Kufikia Januari ghala zilikuwa zimebaki za panya, na panya wenyewe walikuwa wameshahama. Ndipo habari zikaja kwamba serikali italeta mahindi ya njano, yale tuliyoyaita yelo. Mwaka wa shibe tungeyamwagia kuku. Mwaka ule tuliyaota usingizini.

Chifu alikuwa hajafungua mdomo, lakini kijiji kilikuwa kimeshatunga sheria zake. Mwenye mabati haandikwi. Mwenye ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu, haandikwi. Mwenye mtoto anayefanya kazi mjini haandikwi. Asiye na kitambulisho cha hapa haandikwi. Sheria hizo zilitoka wapi? Sijui mpaka leo. Nadhani zilizaliwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, wakati kulikuwa hakuna cha kusaga na midomo ilikuwa imekosa kazi.

Ungeona watu walivyohangaika! Jirani mmoja alificha baiskeli yake ndani ya nepia, yale majani marefu ya ng'ombe. Mwingine alivua mabati ya choo akaezeka nyasi, mvua ya kwanza ikamnyeshea akiwa amechutama. Mama mkwe wangu, mwanamke mkali asiyependa kupitwa, akaamua kumficha Malkia, ng'ombe wetu wa pekee wa maziwa. Akampeleka kwa ndugu yake ng'ambo ya bonde. Ndama akamwacha kwetu, akamfungia jikoni, kwa sababu alisema watu hawahesabu ndama.

Katika siku hizo hizo ndipo Mama Kemunto alipokuja kwangu. Huyu alikuwa jirani yetu wa upande wa chini, mjane, mzaliwa wa Kisii. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa trekta, na kabla hajafa alikuwa amemjengea nyumba ndogo ya mabati. Alikuwa na kijana mkubwa aliyekwenda Nairobi kuwa askari wa kulinda geti, na binti mdogo, Kemunto, wa miaka minne, mwenye macho ya kudadisi kila kitu. Alikuja na fungu la mboga ya managu kama salamu, kwa sababu hakuwa mtu wa kuja mikono mitupu hata akiwa na njaa.

Akaniuliza, "Mwalimu, wewe unajua hii maneno ya serikali. Na mimi naweza andikwa?"

Hapo ndipo nilipovitoa vile vidole. Nikamwambia, "Mama Kemunto, usijichoshe. Kwanza una mabati. Pili, kijana wako ako na kazi Nairobi. Tatu, kitambulisho chako ni cha Kisii. Utaenda kwa baraza upate aibu bure mbele ya watu."

Akaniuliza mara moja tu, kwa upole, "Una hakika?" Nikasema, "Hakika kabisa." Akashukuru, akaondoka. Managu tuliyapika jioni hiyo, na yalikuwa matamu.

Hebu niseme wazi hapa, maana uzee hauna faida kama mtu bado anajipamba. Sikuwa nimesoma sheria yoyote. Hakuna aliyekuwa amenituma. Mama yule aliuliza swali la chifu, nami nikalijibu kwa mdomo wangu kwa sababu lilikuja mlangoni kwangu na nilipenda sana kuulizwa.

Baada ya baraza la chifu la kutaja majina, ikafika siku ya kupita boma kwa boma, kamati ikaja: wazee watatu, mama mmoja wa kanisa, na mbele yao mzee wa kijiji, Arap Koros. Alikuwa mtu mrefu wa maneno machache, aliyezoea kusimamia josho la ng'ombe, na alikuwa anawatazama watu kama alivyowatazama ng'ombe, kwa subira, akingoja waingie wenyewe. Mama mkwe akawapokea uani, amejifunga leso iliyochanika kuliko zote alizokuwa nazo. Akaanza kulia maisha. Hatuna kitu, wazee wangu, hata kuku, hata paka.

Hajamaliza kusema paka, tukasikia mlio. Malkia huyo! Alikuwa amekata kamba kule ng'ambo, akashuka bonde, akapanda bonde, matiti yamejaa yanadondoka maziwa, anamwita mtoto wake. Na ndama naye, kule jikoni, akamjibu. Ng'ombe akapita katikati ya kamati nzima bila kumsalimu mtu, akaenda kusukuma mlango wa jiko kwa kichwa.

Mama mkwe alitaka ardhi ipasuke. Arap Koros akacheka mpaka akashika kiuno. "Mama," akasema, "mgeni wako amerudi salama." Kisha akafuta macho, akatoa kalamu. "Sasa wacha nikuulize ile imenileta. Hii boma inalisha watu wangapi?"

"Tisa," mama mkwe akasema kwa sauti ya chini.

"Jana mlikula nini?"

"Uji. Mara moja."

"Kwa ghala kuna nini?"

"Hakuna."

Akaandika. Mama mkwe akashangaa, "Na ng'ombe je?" Arap Koros akamwambia, "Mimi sikutumwa kuandika ng'ombe. Nimetumwa kuandika njaa. Huyo ng'ombe wa maziwa mkimuuza leo, watoto watakunywa nini kesho?" Mbele ya macho yake, mwanangu, paa letu lilikuwa la mabati, tena mapya kuliko ya Mama Kemunto. Hakuliangalia hata mara moja.

Nilikuwa nimesimama pale pale, nimembeba mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Nilisikia kila neno. Nilijua saa ile ile kwamba nimemdanganya jirani yangu. Na kama vile Mungu alitaka kunipa nafasi, Arap Koros akageuka akauliza, "Huyo mama wa hapa chini mbona hakuja kwa baraza? Tumepita kwake hatukumpata, nasikia ameenda kutafuta kuni."

Macho yote yakaja kwangu, kwa sababu mimi ndiye Mwalimu. Nikasema, "Huyo yuko sawa, mzee. Kijana wake ako Nairobi."

"Anamtumia kitu?"

"Nafikiri anamtumia."

Akanitazama kidogo, kalamu iko hewani. Kisha akaishusha, akaenda boma lililofuata.

Kwa nini nilisema hivyo? Nimejiuliza miaka mingi. Aibu ilikuwemo, ndiyo. Kama angeandikwa, angejua kwamba Mwalimu hajui kitu. Lakini kulikuwa na kingine, na hiki sikukikiri kwa mtu kwa muda mrefu. Nilifikiri kwamba watu wakiwa wachache kwenye orodha, gunia litakuwa zito. Basi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wahenga walisema, lakini mimi nilikuwa na njaa na bado sikumjua mwenye njaa mwenzangu.

Mahindi yakaja. Tuliyabeba kutoka barabara kuu, wanawake kwa wanaume, tukiimba kidogo, maana hata njaa ina siku yake ya kucheka. Mama Kemunto alikuwa amesimama kando ya njia na Kemunto amemshika sketi. Nilipompita na gunia mgongoni aliniambia, "Mmebarikiwa, Mwalimu." Hakuwa na kejeli ndani yake. Afadhali angenitukana.

Nilipofika nyumbani ningeweza kurudi nimwambie ukweli. Sikurudi. Siku ya pili sikurudi, wala ya tatu. Wiki ikaisha. Kila jioni nilijiambia kesho, na kila kesho nilipata kazi ya kufanya.

Mwishowe niliteremka kwake, lakini hata siku hiyo sikwenda kwa ajili yake. Ungo wetu ulikuwa umetoboka, nami nilitaka kupepeta yale mahindi ya njano. Ndipo nilipoiona ile karai.

Wewe ni mtoto wa mjini, pengine hujui. Mbegu ya mahindi ya dukani hupakwa dawa yenye rangi, ili wadudu wasiile ardhini. Ni sumu. Mama Kemunto alikuwa amenunua pakiti yake moja mapema, kabla mambo hayajaharibika, akaitundika juu ya moshi akingoja mvua za Machi. Kwa mkulima, mbegu si chakula. Mtu atauza kuku, atauza blanketi, atalala njaa, lakini mbegu hataigusa, kwa sababu aliyekula mbegu amekula pia mwaka unaokuja. Nikatazama juu ya moto. Kamba ilikuwa inaning'inia bila kitu.

Sufuria ilikuwa mekoni inachemka. Mama Kemunto alikuwa ameketi mbele yake, hanitazami.

"Mama Kemunto," nikasema, "hiyo ni mbegu?"

"Nimeiosha mara tatu," akasema. "Mpaka rangi ikaisha."

"Mmekula?"

"Mimi bado. Nimempa mtoto kidogo, alikuwa analia."

Wee! Nilimwaga ile sufuria kwa mateke. Nilimchukua Kemunto alipolala kwenye gunia, naye akaanza kutapika mikononi mwangu. Nikamfunga mgongoni, tukakimbia na mama yake mpaka barabarani, na hapo tukapunga mikono kama wendawazimu hadi lori la viazi likasimama. Dereva hakuuliza nauli. Njia nzima mtoto alikuwa anatetemeka mgongoni mwangu, na mimi nilikuwa nasali sala moja tu: asife, nitasema, asife, nitasema.

Hakufa. Hospitalini walimshughulikia usiku kucha, asubuhi akafungua macho akaomba maji. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi, nikalia mpaka pua ikaziba. Nikiwa hapo ndipo Arap Koros alipofika kwa baiskeli yake, amevaa lile koti lake refu la mvua. Alikuwa amesikia. Akaketi kando yangu, akavua kofia akaiweka gotini. Nikaona heri nianze mimi.

Nikamwambia yote. Vidole vitatu, managu, ng'ombe, gunia. Hata lile la gunia zito nilimwambia.

Alipojibu, hakupandisha sauti. "Nimekuwa mzee wa kijiji tangu wewe hujazaliwa. Hata leo mtu akiniuliza habari ya serikali, mimi namwambia, ngoja nikaulize. Wewe una miaka ishirini na minne, na sijawahi kukusikia ukisema sijui."

Nikafuta uso kwa leso.

"Huyo mama angekuja kwa baraza," akaendelea, "ningemuuliza yale niliyouliza mama mkwe wako. Pengine kamati ingekubali, pengine ingekataa, si mimi peke yangu naamua. Lakini angekataliwa na watu waliotumwa kukataa. Wewe nani alikutuma?"

Swali lile liliingia mahali ambapo bado lipo. Nikamuuliza kama mambo yameshaharibika, kwa sababu kijiji kilikuwa kinasema pia kwamba orodha ikishafungwa imefungwa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyechoka. "Hiyo nayo umeitoa wapi? Kuna baraza Jumatano, ya kusikiza malalamiko. Utakuja, utasimama, useme ulivyoniambia hapa. Sitakusemea. Mdomo uliomfungia mlango ndio utamfungulia."

Nilisimama Jumatano ile, mwanangu. Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Mama mkwe alikuwa ameniambia asubuhi kwamba nitaiaibisha boma yake, nami nikamjibu kwamba Malkia alishaiaibisha, hakuna kilichobaki. Nilisema mbele ya chifu kwamba nilimwambia jirani yangu sheria ambazo sizijui, na kwamba kamati ilipouliza niliiambia yuko sawa, na hayuko sawa. Watu waliguna. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe Mwalimu!" na wengine wakacheka. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita Mwalimu tena. Sikulililia jina hilo kama nilivyodhani.

Kisha likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Mzee mmoja akasimama akasema yeye pia hakujiandikisha, kwa sababu aliambiwa lazima uwe na mtu ndani ya kamati. Mama mwingine akasema aliambiwa alete kitu kidogo kwanza. Mwingine alidhani chakula ni cha waliompigia kura mheshimiwa, naye hakumpigia. Moja baada ya nyingine zile sheria za foleni zikatolewa nje kwenye jua, na chifu akawa anauliza kila mara, "Nani alikuambia?" Hakuna aliyeweza kumtaja mtu. Wote tulikuwa tumeambiwa na wote, na wote tulikuwa tumenyamaza kwa aibu. Mficha uchi hazai. Na sisi tulikuwa kijiji kizima tumejifunika.

Jina la Mama Kemunto likaandikwa. Ugawaji uliofuata alipata haki yake kama wengine. Lakini mbegu ilikuwa imekwenda, na Machi ilikuwa inagonga mlango. Nilichukua mbegu za kujaa mikebe miwili ya gorogoro kutoka akiba ya nyumba yetu. Mama mkwe aliona, akageuza uso akajifanya anatafuta kuni. Ule ndio ulikuwa upole wake. Nikateremka na jembe langu. Tulipanda shamba lile siku mbili, yeye anachimba mashimo, mimi naangusha mbegu na kufukia, na Kemunto anatufuata nyuma akihesabu hatua zake.

Siku zote mbili hakuniongelesha ila la lazima. Tulipofika mstari wa mwisho nilishindwa, nikasimama nikamwambia, "Mama Kemunto, nisamehe. Nilikuwa sijui."

Akaegemea jembe lake. "Kutojua nilishakusamehea kwa sababu ya siku ile ya lori," akasema. "Hata mimi sikujua. Lakini wewe ulijua tangu siku ya kamati, ukaniona hapo njiani na mtoto, ukanyamaza. Hiyo niachie kidogo. Nitakuambia ikiisha."

Ilichukua mavuno mawili. Siku moja alikuja na fungu la managu, akaliweka mlangoni, akasema, "Imeisha," akaenda zake. Leo Kemunto ni mama wa watoto watatu huko Mai Mahiu, ana kibanda cha chai kando ya barabara ya malori, na akinipigia simu huniita Mama. Kila akiniita hivyo kuna kitu kinanichoma hapa kifuani, na nimekubali kinichome. Majuto ni mjukuu, huja nyuma, na huyu wangu ameamua kukaa.

Sasa nakuambia, mwanangu. Mimi sijui kama Mzee Oduor ataandikwa. Umesikia? Sijui. Sijui mwaka huu wanaangalia nini. Mambo haya hubadilika, mara ni gunia, mara ni pesa ndani ya simu, mara ni wazee kwanza, mara ni wenye watoto wachanga. Pengine watamuuliza kuhusu huyo kijana wa Saudi. Na kama wewe ungemuuliza badala ya kumhesabia, angekuambia kwamba kijana hajapiga simu tangu mwaka jana. Kukodi chumba si utajiri. Kitambulisho cha Siaya hakimshibishi mtu akiwa Kaptembwo. Lakini hata hayo ni maneno yangu mimi, na maneno yangu si sheria. Wanaoandika ndio waulizwe. Kuuliza si ujinga.

Mtu akikuletea swali la namna hiyo, na hujui, mwambie sijui, kisha umshike mkono mwende wote. Akikataliwa, akataliwe na mwenye kalamu, na bado aulize malalamiko yanasikizwa siku gani. Mtu akimwomba kitu kidogo ili amwandike, mseme kwa sauti mbele ya watu wote. Na siku utakapogundua umempotosha mtu, rudi siku hiyo hiyo. Usingoje kuazima ungo.

Nimempelekea Mzee Oduor githeri ya mahindi na maharagwe mara mbili siku hizi. Mara zote mbili amesema ameshiba, akanirudishia bakuli na shukrani nyingi. Mwanamume aliyevunja mawe kule machimboni maisha yake yote hajui kusema ana njaa. Alikuuliza wewe kwa sababu wewe ni kijana, na una simu, na alidhani unajua. Kwake, kuuliza kule kulikuwa ni kuomba.

Mungu akupe riziki isiyokauka, na akupe kinywa kinachoweza kungoja. Watoto wako wasile mbegu. Na siku ukizeeka, upate jirani wa kukuita nje hata ukisema umeshiba.

Haya, inuka. Baraza ni Alhamisi, na leo ni Jumanne. Chumba chake ni kile cha mwisho, chenye mlango wa buluu, na jiko lake limekaa pale nje tangu Jumapili bila jivu jipya.